Siku Kiboko Alipoonyesha Somo la Jembe

Ngano yaja.
— Na ije tuione.
Yaja na meno.
— Tutayahesabu.
Yaja na mkia.
— Tutaushika.
Ukiwaponyoka?
— Tutaufuata.

Haya, kaeni vizuri. Wa nyuma sogeeni mbele, na aliyekuja kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule ya sekondari kando ya bwawa, kidato cha tano na cha sita. Mwalimu Mkuu alikuwa Kiboko. Shingo hana, haraka hana, haya hana. Ofisi yake ilikuwa ndani ya bwawa, na mchana kutwa alikuwa humo, macho na pua tu vikionekana juu ya maji.

Shule ile ilikuwa na utaratibu mzuri, na ninausifu mapema ili msije mkasema nimekuja kulaumu tu. Kila mwaka, masika yakikaribia, wanafunzi wa kidato cha sita walifunga madaftari, wakapewa majuma kadhaa ya kujifunza nje ya darasa. Huyu anakwenda kwa nyuki, yule anakwenda kwa mnana kujifunza kusuka kiota, mwingine anakwenda kwa kima kujifunza miti ya dawa. Kila mtu na haja yake. Wakirudi, wanafanya mtihani wa mwisho.

Katika kidato hicho cha sita alikuwamo binti mmoja, Pimbi. Mdogo, mviringo, miguu mifupi, na ukimtazama haraka unadhani ni jiwe lenye masharubu. Yeye haja yake ilikuwa moja. Kwao ni kwenye mapango ya mlimani, na kila masika maji yalikuwa yakiingia. Masika yaliyopita yaliingia yakamchukua mdogo wake wa mwisho. Pimbi alilia, akanyamaza, akaanza kutazama. Akatazama kichuguu kilichokuwa njiani, mvua inapiga, maji yanapita, ndani kukavu. Akasema, "Nitakwenda kwa mchwa. Watanifundisha." Na mchwa hujenga kabla ya masika tu. Ukichelewa, wamefunga milango.

Basi majuma yakafika. Kidato cha sita wakajipanga ukingoni, mikoba mgongoni. Kiboko akaibua kichwa. Chubwi.

"Mnakwenda wapi?"

"Kujifunza nje ya darasa, Mwalimu Mkuu," wakaitika.

"Vizuri sana. Mwaka huu mtajifunza hapa hapa. Mnaliona shamba langu la viazi? Liko nje. Lina darasa?"

"Halina."

"Basi. Chukueni majembe."

Majembe yakasema, kwachu, kwachu. Kiboko majini akasema, "Huko ndiko kusoma." Na tumbo lake likasema, gulu, gulu.

Kesho yake, kwachu, kwachu. "Huko ndiko kusoma." Gulu, gulu.

Keshokutwa, kwachu, kwachu. "Huko ndiko kusoma." Gulu, gulu. Viazi vilivyokomaa vikachimbwa, vikabebwa, vikatumbukizwa kinywani mwa Mwalimu Mkuu kama takataka shimoni. Hapana, shimo hujaa. Na wanafunzi walikula nini? Walikula majani ya viazi, tena kwa kuvizia.

Naomba tuelewane hapa. Jembe silidharau. Mama yangu amenisomesha kwa jembe. Lakini ukimpa mtu jembe lako, alime shamba lako, ule wewe, halafu umwambie amesoma, jambo hilo lina jina lake, na jina hilo si elimu.

Pimbi akaenda ukingoni.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Kwa nini huna jembe mkononi?"

"Naomba ruhusa niende kwa mchwa."

"Mchwa wana shahada?"

"Hawana, Mwalimu. Wana nyumba kavu."

"Rudi shambani. Wewe unajifunza kilimo."

"Kwetu ni mawe matupu, Mwalimu. Nitalima wapi?"

"Swali zuri," akasema Kiboko. Akazama. Juu vikabaki viputo. Blu, blu, blu.

Ndivyo alivyokuwa akijibu maswali yote. Hata Siku ya Wazazi. Maana shule ile ilikuwa na desturi: Siku ya Wazazi, mwalimu huonyesha somo kwanza, kisha wazazi huuliza, na mwalimu haondoki mahali pa somo mpaka swali la mwisho lijibiwe. Miaka yote Kiboko alikuwa akionyesha somo la kuzama. Wazazi wakiuliza, anaonyesha tena. Wanabaki na viputo, wanapiga makofi, wanakwenda zao.

Pimbi akarudi shambani, akashika jembe. Rafiki yake Digidigi akamnong'oneza, "Mwache mzee wa watu. Tumalize tupate cheti."

"Cheti nitakiweka wapi? Pangoni, kiloe?"

"Basi utamfanya nini? Ana meno kama mitutu."

"Meno hayo hayatoki majini mchana. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Digidigi hakuwahi. Pimbi alikuwa amejiuliza, na amemtazama Kiboko kama alivyokitazama kichuguu. Alikuwa ameona kwamba siku za mawingu Kiboko hutoka kidogo, na jua likichomoza hurudi mbio. Alikuwa ameona ngozi yake ikikauka mgongoni, ikapasuka vijistari, ikatoa majimaji mekundu. Somo hilo halikuwa katika daftari lolote. Pimbi alilipata akiwa na jembe mkononi, na hiyo ndiyo faida pekee ya jembe lile ninayokubali kuitaja.

Siku ya Wazazi ilipokaribia, Pimbi akaenda tena ukingoni.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Wazazi wa mlimani wana ujumbe."

"Marahaba. Wanataka nini?"

"Wanasema mwaka huu wangependa kuona somo la jembe, na mwalimu ndiye aonyeshe. Kila tuta atakaloinua, watamwekea kapu mwishoni mwa tuta. Kapu limejaa."

Pua za Kiboko zikapanuka. "Limejaa nini?"

"Chakula, Mwalimu."

"Tuta moja, kapu moja?"

"Tuta moja, kapu moja. Lakini nikawaambia Mwalimu Mkuu ni mtu mzima, hawezi kulima."

"Nani kakwambia siwezi?" Kiboko akafikiri. Alfajiri kuna ubaridi. Angelima matuta mawili matatu, abebe makapu, arudi majini kabla jua halijachangamka. "Waambie wafike mapema," akasema.

"Nitawaambia," akasema Pimbi. Na kweli aliwaambia. Lakini nyinyi mnawajua pimbi. Pimbi hatoki pangoni mpaka jua limpashe tumbo, kisha limpashe na mwenzake, ndipo aanze kuulizana habari za nyumbani. Mapema yao ni saa ambayo wengine wanatafuta kivuli.

Siku ikafika. Alfajiri Kiboko akatoka majini, tindi, tindi, akasimama kwenye ukingo wa shamba. Wazazi hawapo. Akasubiri. Jua likachungulia, likapanda. Akataka kurudi, ndipo wazazi wakaonekana wakiteremka mlimani, makapu kichwani, yamefunikwa majani. Wakayapanga. La kwanza karibu na bwawa. La pili mbele kidogo. La tatu mbele zaidi. La mwisho kule mwisho wa shamba, kubwa kuliko yote.

Kiboko akainua tuta la kwanza. Kwachu, kwachu. Akafika kwenye kapu, akafunua, viazi. Akavimeza. Gulu.

"Natosheka," akasema. Akalitazama la pili. "Moja tu tena."

Kwachu, kwachu. Viazi. Gulu. "Moja tu tena."

Kwachu, kwachu. Viazi. Gulu. "Moja tu tena."

Vya shamba lake mwenyewe, jamani. Wanafunzi walikuwa wamevichimba, wakavipeleka mlimani, vimerudi kwake vikiwa zawadi, naye hakuvitambua, kwa sababu hakuwahi kuvitazama. Aliwahi kuvila tu.

Alipomaliza kapu la mwisho jua lilikuwa utosini, na bwawa lilikuwa mbali, linametameta kama kigae. Mgongo ukaanza kuwasha. Vijistari vikafunguka. Akageuka arudi. Mbele yake walikuwa wazazi wameketi, wamejaa kutoka tuta hadi tuta, na Mama Pimbi amesimama.

"Mwalimu Mkuu, tunashukuru kwa somo. Sasa maswali."

"Nitajibu nikiwa majini."

"Desturi ni hapa pa somo, Mwalimu," akasema Ngiri, mzazi mwingine, ambaye miaka yote alikuwa akijibiwa kwa viputo na alikuwa na hamu.

Kiboko akatazama chini atafute pa kuzama. Palikuwa udongo mtupu.

"Ulizeni upesi."

"Mwanangu anataka kuuliza," akasema Mama Pimbi.

Pimbi akasogea mbele. Alikuwa anatetemeka, na hilo nalisema kwa sababu wengi hudhani anayesimama mbele ya mkubwa huwa hatetemeki. Akasema, "Mwalimu Mkuu, swali langu ni moja, na majibu yake ni mawili tu. Kulima shamba lako kuna elimu, au hakuna?"

"Kuna," akasema Kiboko.

"Kama kuna, basi ukae hapa usome kama sisi. Sisi tulikuwa tunasoma mpaka jua linazama."

Mgongo wa Kiboko ukatoa tone jekundu. Likatiririka ubavuni. Akahema, fuu, fuu.

"Na kama hakuna?"

"Kama hakuna, liseme wazazi wasikie, nenda majini sasa hivi. Sisi tutakwenda tulikotaka kwenda."

"Wewe mtoto huna adabu."

"Adabu nimeileta, Mwalimu. Nilikuamkia mara zote. Kuna, au hakuna?"

Kiboko akamtazama Ngiri. Ngiri akamwangalia mgongo. Kiboko akatazama jua. Jua halikuwa na mpango wa kuondoka. Ngozi ikapasuka, pwaa.

"Hakuna," akasema, kwa sauti ya chini.

"Wa nyuma hawajasikia, Mwalimu."

"Nimesema hakuna. Nimelima nikashiba, sikujifunza kitu. Nipisheni."

Wakampisha. Tindi, tindi, tindi, chubwi. Bwawa likafura hadi ukingoni.

Kidato cha sita hawakusubiri viputo. Majembe yakaanguka, mikoba ikapanda migongoni, kila mtu akashika njia yake. Digidigi akaenda kwa kima. Pimbi akaenda kwa mchwa, mbio, na miguu ile mifupi. Alipofika kichuguuni walikuwa wanachanganya udongo wa mlango wa mwisho.

"Umechelewa," akasema mchwa mlinzi.

"Najua. Nilikuwa shuleni."

Mlinzi akamtazama udongo wa kucha. "Haya, ingia. Anza kubeba."

Masika yale mvua ilipiga mlima siku nyingi. Maji yakafika kwenye pango la kina Pimbi, yakagonga kizingiti kipya, yakazunguka, yakateremka bondeni. Ndani wadogo zake walilala kwenye vumbi.

Ngano imepita.
— Na ipite, tumeiona.

Na funzo lake, wanafunzi wapendwa, mliandike vizuri: kaeni darasani. Msitazame vichuguu, msitazame migongo ya wakubwa. Mkipewa jembe la mtu, lishukuruni. Na Siku ya Wazazi msiulize kitu, maana mwalimu wa watu anaweza kuungua na jua. Pimbi hakulifuata funzo hili, na ona yaliyompata: mtihani wa mwisho aliuandika akiwa na tope kwenye kucha.