Fisi na Miganda ya Ufuta

Mwaka ule mvua ilinyesha siku tisa tu, kisha ikaaga. Mahindi ya bondeni yakakauka kabla hayajafika magotini. Simba, mwenye ardhi, hakujali mahindi. Kilichomuuma ni manyoya yake ya shingoni, yaliyokuwa yakikatikakatika kwa ukavu hata akaona haya kutoka nje.

"Nataka mafuta!" aliwangurumia wapangaji wake wawili, Sungura na Fisi. "Mwezi ukiandama, atakayeniletea kibuyu cha mafuta atabaki bondeni. Mwingine afungashe virago."

Sungura aliingiwa na hofu. Alikuwa na watoto saba, na nje ya bonde lile hapakuwa na maji. Tumaini lake lilikuwa ufuta, zao linaloridhika na mvua kidogo. Alipoupanda zile siku za mvua, Fisi alimcheka: "Ndugu yangu, unalima viroboto?" Fisi mwenyewe hakupanda kitu, kwa kuwa mbegu yake ya mahindi aliikaanga akaila siku ileile aliyopewa.

Sungura aliukata ufuta vifuko vikiwa bado vina ubichi, kwa maana vikikaukia shambani hupasuka na mbegu zikapotea. Akaufunga miganda, akaisimamisha juu ya mkeka ikauke.

Siku ya kuukung'uta ilipokaribia, Fisi alikuja akaushika mganda mmoja.

"Taratibu, kaka!" Sungura alipiga kelele. "Vifuko vimeshafunguka midomo. Mganda hubebwa wima, kichwa juu. Ukiuinamisha, mbegu zote chini!"

"Sawa, sawa," alisema Fisi, akauachia.

Adhuhuri Sungura alikwenda kuazima kinu. Fisi akarudi mbio huku akijichekea. "Lini Sungura amewahi kusema kweli? Akisema kichwa juu, basi ni kichwa chini." Akaitupa miganda yote mgongoni, vichwa chini, akaenda kuificha kwake. Hakuigusa tena, maana hakujua kinachofuata.

Sungura alipoukuta mkeka mtupu aliketi akalia. Alilia kweli, si kile kilio chake cha kuombea viazi. Alipofuta macho, akaona mstari mweupe wa mbegu ukianzia mkekani na kufuata njia hadi mlangoni kwa Fisi. Akachukua fagio na ungo. Akazoa, akapepeta mchanga, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta yalipoelea.

Mwezi ukaandama. Fisi ndiye aliyetangulia kufika, miganda mgongoni, kifua mbele.

"Mafuta yako wapi?" aliuliza Simba.

"Yamo humu, Mtukufu. Kamua tu."

Simba akautikisa mganda. Ikadondoka mbegu moja, ikamwingia puani, naye akapiga chafya tatu. Hapo Sungura akaingia na kibuyu kimejaa. Simba akajipaka, akajitazama kwenye beseni la maji, akajitazama tena upande wa pili. Alipendeza, na alilijua hilo.

Fisi akaruka kwa hasira. "Mtukufu, huyu mlaghai! Aliniambia niibebe wima!"

"Nawe ukaibebaje?"

"Kichwa chini!"

"Hebu nieleze," alisema Simba, bado akijitazama. "Ulikuwa unabeba miganda ya nani?"

Fisi akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Kabla jua halijazama alikuwa amekwishafungasha virago.

Msimu uliofuata majirani wote walikuja kwa Sungura kuomba mbegu, na mpaka leo wakulima wa upande ule hawalimi mahindi peke yake; hutenga kipande cha ufuta. Mahindi yakifa, ufuta husimama, na mafuta hayakosekani jikoni. Wapo wanaosema Sungura alimtega mwenzake. Mimi nasema hakumtega. Fisi aliponzwa na kuiba kazi asiyoijua.