Kompyuta Iliyovalishwa Kitambaa

Ketini. Leo sitaki mniitikie amina, amina zenu nimezichoka. Nataka masikio tu. Na kile kiti kilicho wazi pale mbele kwa akina mama, acheni kukitupia macho ya pembeni. Nitakifikia. Kwanza nisikilizeni mfano.

Alikuwepo mama mmoja mjane, mwenye duka la steshenari barabarani kabisa, pale magari yanapotimua vumbi tangu asubuhi hadi jioni. Duka lenyewe dogo: meza, printa, mashine ya kutoa kopi na kompyuta. Hiyo kompyuta ilikuwa ya zile za siku zote, mnazijua. Kioo kinakaa juu ya meza, na chini ya meza kuna lile boksi linalounguruma, wengi tunaliita sipiyu, nyaya zimejiviringisha kama tambi. Sura haikuwa nayo, hilo nakubali. Ukiingia pale na suruali nyeupe, unatoka na vumbi magotini. Lakini ndiyo iliyokuwa inamlisha yeye na wanawe, na hakuwa na kitu kingine cha kumlisha.

Sasa angalieni ilivyokuwa inamlisha. Kioo kikifa, anaazima kioo kwa jirani, kazi inaendelea. Pawa ikiungua, fundi anakuja na bisibisi, anafungua boksi, anachomoa kilichoungua, anachomeka kingine, mama anarudi kuchapa barua za watu. Kibodi ikimwagikiwa chai, inatupwa kibodi peke yake. Miaka yote ile duka halikufungwa hata siku moja kwa sababu ya kompyuta, maana kila kitu mle kilikuwa na kazi yake, na kimoja kikichoka hakikuondoka na wenzake.

Lakini watu nao, mnatujua tulivyo. Maneno yakaanza. "Mama, bado unalo hilo dude?" "Mama, hiyo ulirithi kwa bibi?" Aliyemmaliza kabisa ni wifi yake. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akasema, "Wifi, wenzako ng'ambo ya barabara wana kompyuta nyembamba kama sinia, haina boksi, haina minyaya, kila kitu kimo ndani ya kioo. Wewe hapa kama gereji!" Yule mama akaona aibu. Akafunga duka mchana, akaenda mjini kununua.

Muuzaji wa mjini alikuwa mkweli, na tumpe haki yake. Alimuuliza, "Mama, unaenda kuifanyia kazi gani?"

"Ya steshenari."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, baba. Na msimu wa vijana kuomba vyuo, hata kula sili."

"Basi chukua ya boksi. Hii ya kioo kitupu ni nzuri kwa mtu wa barua mbili tatu, au ya nyumbani. Haili nafasi, haikukwazi na nyaya, ukihama unaibeba kwapani. Lakini kila kitu kimebanwa humo nyuma ya kioo. Kimoja kikiungua, imelala yote."

"Lakini inang'aa."

"Inang'aa, mama. Haya, kama ndiyo unayoitaka, naomba kitu kimoja. Mgongo wake usiuzibe. Hii inapumulia mgongoni."

"Sawa, sawa, nimekusikia," na mkono tayari uko kwenye pochi. Alikuwa amesikia nini? Alikuwa anajitazama kwenye kile kioo, anaweka kilemba sawa!

Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji amelaani kompyuta za kisasa. Mashine haikuwa na kosa. Kosa ni kuipa mzigo ambao aliyeiuza alisema kabisa kwamba si wake.

Basi ikafika dukani, ikawekwa mezani, watu wakaja kuishangaa. Lile boksi la zamani mama akampa muuza chuma chakavu siku ileile, hakutaka hata kulibakiza uani. Na wifi, kwa furaha, akaleta zawadi. Mnajua zawadi gani? Kitambaa cha kufuma! Cheupe, kina maua pembeni, katikati kimeandikwa "Karibu Mgeni". Jamani, sisi na vitambaa! Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, makochi yana vitambaa, na kwa mmoja wenu humu nimekuta mtungi wa gesi umevalishwa sketi. Kile kitambaa kikatandazwa juu ya mashine, kikashuka mgongoni mpaka mezani. Kilipendeza kweli. Zamani aliwahi kutandika kingine juu ya kile kioo cha kwanza na hakukutokea neno, kwa sababu kazi nzito ilikuwa inafanyika chini kwenye boksi. Sasa kazi yote iko palepale penye kitambaa.

Msimu wa kuomba vyuo ukaingia. Vijana wanapanga foleni kuanzia alfajiri. Mashine inafungua, inachapa, inatuma, inachapa tena. Mteja mmoja akaweka mkono nyuma ya kioo akautoa haraka. Akasema, "Dada, mashine yako inalia, na huku nyuma pana moto kama pasi."

Yule mama akacheka. Akaipigapiga ile mashine begani, utadhani ni mtu. "Ndiyo kuchapa kazi huko! Hili ni jembe langu!"

Mmesikia? Mashine inalia, mwenyewe anaisifu. Kesho yake ikaanza kuwa nzito, akailalamikia kuwa inaringa. Kitambaa hakukitoa. Angekitoaje, wakati wageni wanakuja na kitambaa ndicho cha kwanza kukiona?

Siku ya mwisho ya maombi, foleni imefika mpaka kwa muuza chipsi, kioo kikazima. Kimya. Akabonyeza, hakuna. Akachomoa umeme akachomeka, hakuna. Harufu ya kitu kilichoungua ikatoka chini ya kitambaa.

Fundi akaja mbio. Akaigeuza, akaipapasa pembe zote, akaiweka chini. Akasema, "Mama, lingekuwa lile boksi lako ningekuwa nimeshakuokoa. Hii imegandishwa gundi kila upande, na kilichoungua kimeondoka na wenzake. Nitaanzia wapi?"

"Mbona kioo kizima? Kitazame! Hakina hata mkwaruzo!"

"Kioo kizima, mama. Kitakufaa kujitazamia."

Wale vijana wakatawanyika wakikimbilia maduka mengine, na wengine muda ukawaishia njiani. Mama akakaa kwenye stuli analia kwa sauti, mlango wa duka wazi, mashine iko mezani inang'aa, imevaa kitambaa chake cheupe.

Mnacheka. Nawaona pale nyuma mnagongana viwiko, mnamcheka wifi mtu. Haya, chekeni mmalize. Mkishamaliza mniambie: kitambaa cha Mama Tusajigwe kilifumwa na nani?

Si mlikuwa mnacheka?

Kiti hicho ni chake. Alhamisi alianguka mlangoni mwa stoo ya kanisa, kabeba sufuria la pilau kwa ajili ya harusi ya mtoto wa mtu mwingine. Presha ilipanda mpaka ikampiga upande mmoja. Yuko wodini. Mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda pembeni, na daktari hajasema kama utarudi. Hilo wote mnalijua, maana habari hapa zinatembea kuliko upepo. Lakini mmejiuliza kwa nini?

Usharika huu ulikuwa na boksi lake na nyaya zake. Kulikuwa na watu wa kuzika na watu wa kupika. Kulikuwa na wazee wa kutembelea wagonjwa. Funguo zilikuwa na mtu wake, watoto wa Jumapili walikuwa na mwalimu wao, vitambaa vya madhabahu vilikuwa na zamu ya kufuliwa. Kulikuwa na kelele, ndiyo. Kulikuwa na kugombana nani ameacha masufuria machafu. Usharika haukuwa na sura. Hali hiyo ikatushinda. Tukasema tunataka usharika wa kisasa, mambo yaende kimyakimya, na tukamwona mama mmoja anayeweza kila kitu, mpole, nadhifu, hasumbui, haombi. Tukazichukua kazi zote tukambananisha nazo yeye. Kwaya ni yeye. Msiba ni yeye. Jiko ni yeye. Mgonjwa akilazwa, "mwambieni Mama Tusajigwe." Choo kikiziba, Bwana anisamehe, choo kikiziba: "Mama Tusajigwe ana ufunguo."

Na kwenye kile kikao cha mwisho alisimama akasema kwa kinywa chake, "Ndugu zangu, siku hizi nachoka, kichwa kinaniuma." Tulifanya nini? Semeni! Tulipiga vigelegele! Tulisema mama wewe ni chuma, mama wewe ni jembe, na mkamletea kitenge cha shukrani mkamfunga begani. Tulipiga picha. Yule mama alikuwa anaungua mbele yetu, na sisi tunaongeza kitambaa!

Nina hasira. Sifichi. Tunamsifu mtu ili tusimsaidie. Ukishamwita jembe, umeshajipa ruhusa ya kukaa kivulini umwangalie akilima. Sifa hazitutoi jasho, ndiyo maana tunazigawa bure. Na tunaziita upendo!

Jana nilikwenda wodini. Kwa mkono ule wa kushoto uliobaki alipapasa chini ya mto, akatoa funguo hizi, akanisukumia. Maneno yanamtoka kwa shida, nikainama. Aliniuliza, "Baba mchungaji, jiko nani amefungua?" Hakuuliza atapona lini. Hakuuliza wanawe wamekula nini. Na nilipouliza wanawe wamekula nini, sikupata hata mmoja katika nyinyi aliyejua.

Nikatoka pale nikaita kamati. Nikawaeleza yote haya. Mjumbe mmoja, namtazama hapa na yeye ananitazama, akakohoa akasema: "Inasikitisha sana, mchungaji. Basi tutafute haraka mama mwingine mwenye moyo kama ule."

Mwingine! Mmoja! Yaani hii imeungua, twendeni mjini tukanunue nyingine!

Hapana. Nimesema hapana, na wala hatutalipigia kura. Funguo hizi hapa, nazifungua kamba mbele yenu, naziweka mezani. Kuna wa stoo, kuna wa jiko, kuna wa kabati la kwaya, wa ofisi, wa geti, wa choo. Upi ni wa wapi mimi sijui, na hakuna anayejua humu ndani, kwa sababu anayejua yuko wodini, hana nguvu ya kutueleza. Mtakwenda kujaribu mlango kwa mlango. Kila ufunguo utaondoka na mtu wake, na mtu huyo ataondoka na kazi ya mlango huo. Na wawili wainuke sasa hivi waende kwa wale watoto na chakula, wasinisubiri nimalize.

Mama Anyitike, kaa chini! Nakuona unainuka uje uzizoe zote, na nawaona hao majirani zako wanaokusukuma mgongoni. Mwacheni! Mikono yenu iondoeni kwenye mgongo wake! Mama, ukitaka, utachukua mmoja. Mmoja tu.

Baraka ya mwisho sitoi mpaka meza hii iwe tupu. Mzee Mwambungu, wewe mjumbe wa kamati uliyetaka tutafute mama mwingine, njoo uwe wa kwanza. Anza na huu wenye kutu. Nadhani ni wa choo.