Mama Kibibi na Pango la Waimbaji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifagia na kugombana kama sisi (wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako!), palikuwa na Fisi mmoja aliyeitwa Mama Kibibi. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kibibi, na huyo mtoto, jamani, alikuwa na sauti! Fisi mwenye sauti tamu, mmewahi kusikia? Akiimba, hata nzi walitua.

Nchi yao ilikuwa na chemchemi moja tu, ikitoka ndani ya pango, na humo pangoni alilala Chatu. Kila kiangazi alijikunja akayaziba maji mpaka aletewe mwimbaji. Basi wanyama wakawa wanashindanisha watoto wao. Mshindi aliingia pangoni kumtumbuiza mkubwa, maji yakatoka, na mzazi wake akapewa fungu la paja kila ilipochinjwa nyama.

Hakuna mshindi aliyewahi kutoka. Lakini ukipita pale mlangoni uliwasikia humo ndani wakiimba, kila mmoja wimbo wake ule ule, bila kituo, bila hata kuvuta pumzi.

"Si mnawasikia?" wazazi waliambiana. "Wamo, wanastarehe." Kisha wakaongeza mwendo.

Mama Kibibi alilitaka lile paja, akalitaka mpaka akaliota. Akawa anamwamsha mtoto alfajiri, anamnywesha mayai mabichi, anamviringishia kitambaa shingoni, anamfokea: "Tumia tumbo! Tumbo, si pua!" Mwezi ulipoandama, akampiga marufuku kusema.

"Hata neno moja! Sauti haichezewi. Ukiwa na kiu, onyesha kwa kidole."

"Na nikiogopa, mama?"

"Nyamaza!"

Kibibi akanyamaza. Aliogopa, wanangu, na ruhusa ya kulisema hilo hakuwa nayo.

Siku ya mwisho kabla ya mashindano alitumwa asali kule kwenye majabali, juu ya pango. Akasikia, "Pss! Pss! We mtoto!"

Alikuwa Pimbi, kimnyama kidogo kama paka, macho yanacheza. Nyumba yake ilikuwa kwenye ufa wa jabali.

"Ndiye wewe wa kuimba kesho?"

Kibibi akakubali kwa kichwa.

"Na kuingia humo unataka?"

Kibibi akatikisa kichwa mpaka kitambaa kikaanguka.

"Umemwambia mama yako?"

Akagusa mdomo wake, machozi yakamlengalenga.

"Lo! Umefungwa mdomo! Makubwa haya." Pimbi akashusha sauti. "Njoo uchungulie."

Kibibi akaweka jicho kwenye ufa. Kwanza aliona giza. Kisha akaona pango, na halikuwa na waimbaji. Hapakuwa na Digidigi, wala Kanga, wala yule mtoto wa Kima aliyeshinda kiangazi kilichopita. Alikuwapo Chatu peke yake, amelala fofofo, mdomo umefumbwa. Nyimbo zote zilikuwa zikitoka tumboni mwake.

"Nyama inayeyuka," Pimbi akanong'ona. "Sauti haiyeyuki. Wanambembeleza alale, maskini, na hawajui kama wamekufa."

Kibibi akaanza kulia.

"Usilie. Kesho wewe imba tu. Chatu niachie mimi."

Kesho yake wanyama wakajaa mbele ya pango. Waliimba wengine, sitawataja, walikuwa wanakwaruza tu. Zamu ya Kibibi ilipofika, mama yake akasimama nyuma yake, amemshika shingo, anafumbua na kufumba mdomo pamoja naye kana kwamba ni yeye anayeimba. Mtoto akaimba. Wazazi wakalia. Na humo pangoni, kwa mara ya kwanza, zile sauti zikanyamaza zote kwa pamoja.

Swaaaa... Chatu akatoa kichwa.

"Huyu," alisema. "Mleteni."

"Hongera, mkubwa!" Pimbi akapaza sauti kutoka juu ya jabali. "Lakini unanishangaza. Unachukua yai, kuku unamwacha?"

"Kuku gani?"

"Huyo aliyemtengeneza! Mtoto ana wimbo mmoja. Mama yake ana uwezo wa kuwafundisha hao wako wote wa ndani. Au nasema uongo, Mama Kibibi? Kama ni uongo, sema."

Mama Kibibi akavimba kwa raha. "Uongo uko wapi? Kila pumzi nimemfundisha mimi! Huyu bila mimi ni domo tupu!"

"Ingia basi," Chatu akasema taratibu. "Uketi karibu yangu."

"Na paja?"

"Humu ndani nyama haikosekani."

Mama Kibibi akamwachia mtoto shingo, akajifuta mdomo, akaanza kwenda. Hapo Kibibi akasahau marufuku, akasahau kila kitu, akapiga ukelele.

"Mama! Usiingie! Wamekufa... utakufa, mama! Atakumeza!"

Mama Kibibi akageuka. Wote walidhani amesikia.

"Nyamaza wewe!" akafoka. "Utaiharibu sauti!"

Akaingia. Ikasikika gubu! moja tu, kisha maji yakaanza kutiririka.

Kibibi akampandia Pimbi kule jabalini, akampiga kwa ngumi. "Hukuniambia utamtoa mama yangu kafara! Hukuniambia!"

"Nilimwambia aseme," Pimbi akajibu. "Sasa sikiliza."

Pangoni zile nyimbo zilikuwa zimeanza tena. Mara zikakatwa na sauti moja kali kutoka tumboni:

"Simameni! Nani ameimba hivyo? Kima, unapitiliza! Rudieni! Rudieni tangu mwanzo!"

Wakarudia. Akawakatiza tena. Chatu akajigeuza upande huu, akajigeuza upande ule. "Nyamaza!" akaliambia tumbo lake. Tumbo likamjibu, "Wewe ndiye unyamaze, unatuharibia!" Usingizi ukamhama kabisa. Kabla jua halijazama alitoka pangoni, macho mekundu, akashika njia ya nyikani, na nyimbo na makaripio vikamfuata kila alikokwenda. Hakurudi. Maji yakabaki ya wote, na mashindano yakaisha.

Kibibi akalelewa na shangazi yake, akasema kutwa nzima kila lililomjia, na hakuna aliyemkataza. Lakini upepo ukivuma kutoka nyikani, mara nyingine husikia mbali sana mama yake akiwahesabia waimbaji mapigo. Hapo husimama, humwita mara moja, "Mama!" Na sauti ile huko nyikani huendelea kuhesabu tu.

Basi nanyi mkija kuwa wazazi, mtoto akisema anaogopa, msikilizeni kwanza.