Fundi wa Saa ya Boma

Funikeni Biblia kidogo, wapendwa, mnitazame. Leo nina mfano, na nawaonya mapema: hautamwacha mtu amekaa raha.

Kulikuwa na mji mmoja wa milimani, miaka ile simu za mkononi hazijafika. Katikati ya mji palikuwa na Boma, jengo la mawe lenye mabati mekundu, na juu yake mnara wa saa wenye nyuso nne. Watu wa mji ule walijivunia saa yao kupita kiasi. Mishale ilionyesha tisa, lakini kengele ilipiga tatu, maana wazee walikataa katakata kuwekewa kengele isiyohesabu kama wao.

Saa hiyo ilikuwa na fundi wake, mwanamke wa makamo aliyerithi kazi kwa baba yake. Kila Jumatatu alipanda ngazi themanini na mbili, akapandisha mawe ya uzito, akapaka grisi, akashuka magoti yakimlalamikia. Aliipenda saa ile. Jino moja la chuma likilegea, alilijua kwa mlio tu, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Sasa, Boma lilikuwa na sheria. Kikao cha baraza la mji cha kila Alhamisi kinaanza kengele ya saa tatu ikilia. Ikishalia, mlango unapigwa komeo, na aliye nje hana neno. Hata mwenyekiti! Akichelewa, kiti cha siku hiyo ni cha makamu wake. Sheria safi, au siyo? Tatizo ni kwamba mwenyekiti alikuwa mtu wa chai ya pili.

"Dada fundi," alimwambia siku moja, kamshika bega kama ndugu wa tumbo moja, "irudishe dakika kumi tu. Nani atakufa kwa dakika kumi?"

Kweli, nani? Fundi akairudisha dakika kumi. Mwaka wa pili zikawa ishirini. Mwaka wa tatu, nusu saa nzima. Watu wakimuuliza mbona kengele na redio hazipatani, alijibu, "Redio ni ya pwani, jamani. Huku milimani jua lina mlima wa kupanda kwanza." Wakacheka. Wakazoea. Mji mzima ukaamka, ukala, ukaenda kazini kwa uongo wa chai ya mtu mmoja.

Ikafika Alhamisi ambayo kikao kilikuwa kigawe uwanja wa soko kwa mtu wa kujenga hoteli. Akina mama wa sokoni walikuwa na barua ya pingamizi, alama sitini na tatu za dole gumba chini yake. Ilikuwa isomwe siku hiyo au isisomwe kabisa. Walikubaliana hivi: kengele ya saa mbili ikilia, tunafunika mboga, tunanawa, tunakwenda taratibu. Saa nzima inatosha.

Kengele ikalia mbili. Redio ilikuwa inasema mbili na nusu. Na hapo fundi akasikia viatu kwenye ngazi. Mwenyekiti! Tangu achaguliwe hajawahi kufika mapema, na leo kapanda mnara mwenyewe, anahema.

"Dada fundi, leo nataka haki itendeke. Peleka mishale mbele ifuate redio. Saa tatu ya kweli ikifika, kengele ilie."

Fundi akabaki na kitambaa cha grisi mkononi. "Akina mama hawatawahi, mzee."

"Kwani nimekwambia useme uongo? Nimekwambia useme kweli." Akatabasamu, akashuka.

Mmeuona mtego, wapendwa? Shetani hajamwomba adanganye. Amemwomba awe mkweli, kwa dakika thelathini, siku moja tu, ili uongo wa miaka mitatu umalize kazi yake!

Fundi akatazama chini. Akina mama wanafunika nyanya taratibu, wanataniana. Akiipeleka mishale, anawafungia mlango. Akiiacha, ni mtumwa yule yule wa jana. Angeweza kunawa mikono na kusema, mimi nimetii tu. Wangapi hapa wangenawa?

Akasukuma mishale mpaka kwenye kweli. Kisha akaikamata kamba ya kengele kwa mikono miwili, akaipiga. Akaipiga bila hesabu, bila kituo, mpaka njiwa wakahama paa na soko zima likatoka kutazama juu.

"Wee mama wa juu, umerukwa na akili?" muuza dagaa mmoja akapaza sauti. "Nani kafa?"

"Saa hii inawadanganya miaka mitatu!" fundi akajibu. "Iliyoirudisha ni mikono yangu mimi! Zimebaki dakika ishirini, si saa nzima. Kimbieni na barua yenu!"

Wakakimbia. Na aproni, na magamba ya samaki, mmoja na ndala ya mguu mmoja. Barua ikaingia. Ndipo kengele ikalia tatu, komeo likapigwa, na pingamizi likasomwa neno kwa neno, mwenyekiti akiwa kakunja uso kitini pake.

Mnataka kupiga makofi? Subirini. Jioni akina mama walipotoka, mmoja wao alimsubiri fundi mlangoni mwa mnara. Hakuja kushukuru. "Mwaka jana mwanangu alifungiwa nje ya mtihani wa taifa, ule unaofuata saa ya redio," alisema. "Alitaka kutoka mapema, nikamwambia kaa unywe uji, kengele bado. Leo anabeba zege." Fundi hakusema "niliagizwa." Alisema, "Ni mimi, dada." Kesho yake alifukuzwa kazi.

Sasa naona mnatikisa vichwa, kila mmoja anamfikiria mwenyekiti fulani. Acheni! Wenyeviti katika jengo hili ni wachache. Sisi ndio fundi. Sisi tunaomsainia mwenzetu mahudhurio ya darasa alilolala. Sisi tunaoandika muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, kwa sababu kaka kiongozi ametuita "dada mpendwa." Dakika kumi tu! Halafu siku tukiguswa tunaanza kuwa wakweli kimya kimya, kuanzia leo, bila kumwambia yeyote ya jana. Wapendwa, huo si utakatifu. Kunyoosha saa bila kupiga kengele ni kumfungia mlango yule yule uliyemchelewesha.

Kuna mtu chuoni hapa amepanga maisha yake kwa uongo wako. Unamjua kwa jina. Sitaki amina yenu. Tukitoka hapa, kabla ya chakula, mtafute umwambie: ni mimi.