Wewe ni Fundi wa Meza Gani?

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi mliosimama pale mlangoni kama mnasubiri mvua ipite, ingieni, viti vipo. Leo sina mahubiri marefu. Nina kisa kimoja tu. Kimenikaa kifuani tangu Jumatano, na nisipokitoa leo sitalala tena wiki hii.

Ni kisa cha gemu. Msicheke. Hizi gemu za mkononi ambazo watoto wenu wanachezea humu humu ibadani, wakidhani mchungaji haoni. Mchungaji anaona. Wewe wa shati la kijani, weka mfukoni, mwanangu, na usikilize, maana leo nasema lugha yako.

Mzee mmoja alikuwa na kiwanda cha kutengeneza gemu hizo. Majina siwapi, kwa sababu nikiwapa majina mtasema, aa, hao ni wa usharika wa jirani. Mzee huyu alikuwa na watoto wawili, wa kiume na wa kike, wote mafundi hodari. Wa kiume ndiye mkubwa. Akapewa meza yake na mafundi wake, akatengeneza gemu iliyoitwa Kiganja: ndogo, vitufe vigumu, ukiidondosha sakafuni unaiokota na mchezo unaendelea, na chaji inakaa siku mbili. Wa kike akapewa meza ya pili, nyuma ya ukuta, akatengeneza iliyoitwa Dirisha: kioo kipana, rangi zinang'aa, ukicheza mpira unaona mpaka jasho la golikipa. Kadi ya mchezo ya Kiganja haiingii kwenye Dirisha, na ya Dirisha haiingii kwenye Kiganja. Watoto wawili wa dawati moja walikuwa hawawezi kuazimana.

Rafiki wa mzee alimwonya mapema. Alimwambia, "Mzee mwenzangu, unajishindanisha mwenyewe. Wateja wa gemu zote mbili ni wale wale. Unachouza kwa mkono huu unakinyang'anya kwa mkono ule. Chagua moja, nyingine uifunge. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Mzee akacheka. "Mafahali wangu wamezaliwa zizi moja. Waache wasukumane, ndivyo wanavyonenepa."

Je, mzee alikuwa mjinga? Mimi sisemi hivyo. Kwa miaka miwili mitatu mambo yalikwenda vizuri kweli. Kaka akiona kioo cha dada yake, anarudi mezani kwake anakaza buti. Dada akisikia Kiganja inakaa na chaji siku mbili, hakai wala halali. Gemu zote mbili zikawa nzuri kuliko zilivyoanza. Wangeishia hapo, ningekuwa nawahubiria habari nyingine leo.

Lakini mzee akatoa amri mbili. Ya kwanza: cha meza hii kisivuke ukuta kwenda meza ile. Ya pili aliisema mbele ya mafundi wote, "Mwisho wa mwaka nitatazama, na meza itakayokuwa nyuma naifunga."

Ee! Hapo sasa. Dada akabadilisha skrubu za Dirisha ili bisibisi za kaka yake zisiweze kuifungua. Kaka akaweka kufuli kwenye choo cha upande wake ili mafundi wa dada wasije wakasikia mazungumzo. Choo, wapendwa! Watu wamefikia kufungiana choo. Na msiniangalie hivyo, kuna ufunguo wa choo cha nje hapa kanisani ninaoutafuta tangu Pasaka.

Na bado kila Jumamosi mchana walikuwa wanakula pamoja kwa baba yao, mtori wa ndizi na nyama, kama kawaida. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mdogo wangu, watoto hawajambo?" Wataongea mvua, wataongea ng'ombe wa mzee, wataongea arusi ya binamu. Kazi haitajwi. Jirani akipita dirishani anasema, jamani, familia ile inapendana.

Basi. Meza zile zilishiriki kitu kimoja tu: betri. Mzee alikuwa ananunua mwenyewe mzigo mmoja, anaukata katikati, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Siku moja fundi mmoja wa upande wa kaka, mtu mzima aliyefanya kazi pale tangu mwanzo, akaja na betri mbili mkononi.

"Bosi," akasema, "mzigo huu una ubaya. Nimeijaribu gemu juzi na jana. Mtoto akicheza huku anachaji, betri inavimba. Hii ya pili imetoa moshi."

Kaka akazishika, akazigeuza. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlielewe hilo. Akasema hapo hapo, "Toeni zote. Zilizokwenda dukani zirudishwe. Tutatafuta betri nyingine hata kama tutachelewa."

Fundi hakuondoka. "Na za dada yako, bosi? Mzigo ni ule ule."

Kaka akaziweka betri mezani. Kisha akamuuliza, "Wewe ni fundi wa meza gani?"

"Wa meza yako, bosi."

"Basi."

Neno moja tu, basi. Fundi akarudi kazini.

Mnadhani kaka alitaka mtu aungue? Hata kidogo! Alijiambia, zitavimba, wateja watazirudisha, watalalamika, na mzee ataona mwenyewe meza ipi inafanya kazi kwa umakini. Alijiambia amri ni ya baba, cha meza hii kisivuke ukuta. Jumamosi ikafika, akakaa kando ya dada yake, bega kwa bega. Neno likampanda mpaka kooni. Dada akageuka, "Vipi kaka, mbona huli?" Akasema, "Nipe chumvi." Kanisa, mtu ana neno la kuokoa uhai mdomoni, na anaomba chumvi!

Kaka huyu alikuwa na binti wa miaka tisa. Mtoto wa pekee. Alikuwa amempa Kiganja ya kwanza kabisa kutoka mezani kwake, na jina la mtoto alilichonga mwenyewe mgongoni mwa ile gemu. Lakini shuleni marafiki zake wote walikuwa wa Dirisha. Wanapocheza yeye anasimama nyuma yao anachungulia. Mtoto ni mtoto. Akamfuata shangazi yake, na shangazi angemnyima vipi? Akampa Dirisha mpya, akamwambia, "Chukua, mama, ila usimwambie baba yako."

Sasa fikirini. Mtoto ana kitu kisichotakiwa kuonekana nyumbani. Hawezi kukicheza sebuleni. Hawezi kukiacha kwenye chaji juu ya meza, kitaonekana. Kwa hiyo anafanyaje? Jumapili mchana, wametoka kanisani, baba anapumzika. Mtoto anaingia kwenye kabati la nguo na gauni lake la ibada, anapitisha waya chini ya mlango wa kabati, anachaji na kucheza kwa pamoja, kwa sababu nafasi ya kujificha ni ile moja tu.

Mnajua kilichotokea. Sitaki kukisimulia chote. Baba alisikia kilio, akadhani kinatoka kwa jirani, maana sauti ilikuwa imefunikwa na nguo. Alipofungua kabati, mtoto alikuwa bado ameishika ile gemu kwa mikono miwili. Haikuwa rahisi kumwachisha.

Hospitali, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Baba amekaa kando ya kitanda. Mtoto akafungua macho, akamwona, na neno lake la kwanza halikuwa "inauma." Akasema, "Baba, usikasirike. Ya kwako ndiyo nzuri. Ile nilikuwa naiazima tu."

Nisubirini kidogo. Samahani.

Mtoto ameungua, na anachokiogopa ni meza. Nani alimfundisha? Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Aliishi na hofu hiyo nyumbani mule, akaila pamoja na mtori wa Jumamosi.

Mzee akafika, na dada akafika nyuma yake. Yule fundi naye alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, analia waziwazi. Mzee akamwona fundi analia hivyo, akaanza kuelewa. Akamgeukia mwanawe.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

Dada akapiga magoti pale pale sakafuni. "Nilimpa mimi. Kaka, nilimpa mimi. Kwa nini hukuniambia?"

Na kaka akajibu, "Uliniambia unampa?"

Wakatazamana. Damu moja, titi moja, wameshikana mashati kwa maneno juu ya mtoto aliyefungwa bandeji. Mzee akatafuta ukuta akauegemea. Hakuwakemea. Angewakemea kwa mdomo gani, na amri ilikuwa ya kwake?

Mtoto alipona, kwa maana ya kwamba yu hai. Vidole vinne vya mkono wa kulia havikukunjuka tena.

Sasa nawaona wengine mna swali. Je, mzee alifunga gemu ipi? Alibaki na Kiganja au Dirisha? Hilo ndilo mlilobaki nalo? Sijui, na sijali. Mnataka pia kuniambia wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Jamani, methali hiyo tumeichosha, tunaisema huku tunatikisa vichwa kisha tunakwenda kula. Hapa nyasi zilikuwa na miaka tisa na gauni la ibada.

Kuwa na meza mbili siyo dhambi. Narudia, msije mkaenda kusema mchungaji amekataza meza mbili. Wacha watu washindane wauchekeshe moyo wa baba yao. Lakini hatari haina meza. Ukijua betri inawaka, ukuta umeisha, amri ya baba imeisha, unaruka unakwenda kusema. Ukiulizwa siku hiyo wewe ni wa meza gani, ukakubali kujibu, umeshapotea.

Nami nimesema kisa hiki kimenikaa tangu Jumatano. Jumatano nilikwenda hospitali kumwona Bibi Aikande.

Mmenyamaza. Afadhali.

Bibi Aikande wa Kwaya ya Uinjilisti, sauti ya pili, miaka thelathini na moja anaimba hapa. Alhamisi ile ya mazoezi alikanyaga kipandio cha pili cha jukwaa letu, kile pale, mnakiona, kikavunjika. Nyonga imekatika. Daktari ameniambia pembeni kwamba kusimama tena ni vigumu. Nikakaa naye. Nikamwambia, pole bibi, mbao ile ilioza, hakuna aliyejua. Akanitazama, akacheka kidogo, mnamjua anavyocheka. Akaniambia, "Mchungaji, Kwaya Kuu walikuwa wanakiruka. Jumapili mbili mfululizo niliwaona wakipanda, wote wanaruka kipandio cha pili. Nikajua ni madaha yao. Nikasema, watu hawa nao, mpaka kupanda jukwaa wamebuni mtindo."

Alidhani ni mtindo, wapendwa.

Kwaya Kuu mna mazoezi Jumanne. Uinjilisti wana mazoezi Alhamisi. Kutoka Jumanne kwenda Alhamisi ni siku mbili tu, na simu zote mnazo. Watu arobaini mlijua, na kila mmoja aliruka kimya kimya akaenda kuimba upendo. Na ninyi Uinjilisti msianze kuwatazama wenzenu hivyo, maana pazia lile la taa za umeme nyuma ya kinanda, lenye waya uliochunika, ni ninyi mliolitundika, na Kwaya Kuu hawajaambiwa. Nimeliona jana. Nimeuzima umeme mwenyewe.

Lakini mwenye amri ni nani? Nani alisema hapa mbele, mwezi wa kwanza, kwamba kwaya itakayofanya vizuri ndiyo itakayokwenda kutuwakilisha kwenye sikukuu ya jimbo, na nyingine ibaki? Nani alifurahi kuona kanisa linajaa kwa sababu kila upande unaleta mashabiki wake? Ni mimi. Na nani aliketi kwenye kiti kile Jumapili mbili mfululizo, akaona watu arobaini wanaruka kipandio kimoja, asijiulize? Ni mimi. Nilijiambia, tazama, siku hizi wanapanda kwa mpangilio.

Yule kaka alisema neno "nilijua" akiwa hospitali. Lilikuwa neno zuri, lilikuwa la kweli, lilikuwa limechelewa. Sisi bado tuna waya mwingine, kipandio kingine, na nyumbani kwetu kuna mambo ambayo mimi siyajui na ninyi mnayajua. Mtu anajua ndugu yake anakwenda kununua kiwanja chenye kesi, amenyamaza kwa sababu hawaelewani. Mtu anajua mtoto wa wifi yake anapotelea wapi mchana, ameomba chumvi.

Bibi Aikande aliniuliza kitu kimoja nilipokuwa naondoka. Hakuuliza nani alijua. Aliuliza, "Sauti ya pili Jumapili ataimba nani?"

Kwa hiyo leo hakuna kwaya itakayopanda pale. Nitakaa kwenye kile kiti changu. Aliyekuwa wa kwanza kukiona kipandio kile kimeoza, namwomba asimame hapo alipo, aseme neno moja tu, nilijua. Sitamkemea. Nitasimama naye, kwa sababu mimi ni mwenziwe. Halafu wote, meza zote mbili, tutatoka hapa kwa miguu kwenda hospitali kumwimbia Bibi Aikande, na sauti ya pili ataimba yeye akiwa amelala.

Nakaa sasa. Nasubiri.