Oringi ya Kitufe cha Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana kamera zilikuwa zimeshafika hata kwetu Ziwa Nyasa, boti ya abiria ilizama na watu tisa. Nahodha Ambilikile alizama nayo. Mwenye boti akaiambia kamati ya uchunguzi, "Nahodha alikuwa amelewa." Watu wakaamini. Msibani kwake walikuja wachache, na wengi wao hawakugusa chakula.

Mkewe, Sekela, alijua mumewe hanywi. Alijua pia kwamba sakafu ya boti ilikuwa imeoza, ikazibwa kwa bati, kwani Ambilikile alilalamika hivyo kila aliporudi nyumbani. Akaenda kuieleza kamati, nayo ikamwambia, "Lete picha ya bati hilo. Tunafunga faili leo saa nane mchana. Na asiguse mtu kitu kule chini."

Mwenye kamera ya kuzamia alikuwa mmoja tu, Mwalimu Lusajo, mtafiti wa samaki. Aliitoa bure, hakutaka hata asante. Kamera hiyo hukaa ndani ya kasha gumu lenye vitufe tisa. Kila kitufe kina kijiti kinachopenya ukuta wa kasha, na kila kijiti kimevishwa oringi, kimpira cha duara kidogo kuliko pete ya mtoto mchanga. Kimpira hicho ndicho kinachozuia maji.

Kuzitunza oringi ilikuwa kazi ya fundi Anyimike. Asubuhi ile alizitoa moja moja, akafuta mchanga, akapaka grisi, akarudisha. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu ina ufa, mwembamba kama unywele.

Akaenda kwa Mwalimu. "Mwalimu, hizi oringi zina miaka minne. Nilikuomba mpya mwaka jana, nikakuomba na mwaka huu."

"Paka grisi, fundi. Mpya nitaagiza mwezi ujao."

Anyimike hakuutaja ufa. Maana siku moja alipokataa kutoa kifaa kibovu, Mwalimu alimwambia kazi yake inatamaniwa na wengi. Akaipaka grisi ya tatu, akaipaka tena, akairudisha mahali pake.

Mzamiaji alikuwa Gwakisa, mdogo wake Ambilikile. Anyimike akamkabidhi kasha. "Shuka nalo kwanza likiwa tupu. Bonyeza vitufe vyote, kisha upande tuangalie kama limeingiza maji."

"Itachukua muda gani?"

"Saa nzima."

"Kaka yangu anaitwa mlevi, wewe unaniambia saa nzima!"

Akatia kamera ndani, akazama.

Boti aliikuta. Bati aliliona, limebanduka upande mmoja, na pengo lake mkono unapita. Akabonyeza kitufe cha tatu ili apige. Viputo vikatoka kwenye kitufe. Kioo kikaingia ukungu, kisha kikazima. Gwakisa akapanda na kasha linalosukasuka maji kama dumu.

Hata hivyo alikwenda mbele ya kamati akasema alichokiona. Wakamuuliza, "Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mdogo wake."

"Kaa chini."

Wakaandika: ulevi wa nahodha. Saa nane faili likafungwa.

Jioni Mwalimu, fundi na Gwakisa walikwenda kwa Sekela kumpa pole, na njiani fundi akakiri kwamba ufa aliuona asubuhi. Walimkuta uani. Ndani ya nyumba alikuwamo baba mkwe wake, Mzee Angolwisye, ambaye tangu mazishi hakutoka nje kwa aibu.

Mwalimu akaanza. "Mama, kamera niliitoa bure, na imekufa. Kama ningeambiwa kuna ufa, nisingeruhusu."

Anyimike akasema, "Mwalimu, mara mbili nilikuomba mpya. Na mzamiaji nilimwambia ajaribu kasha. Angelijaribu, ufa ungejulikana juu ya nchi kavu."

Gwakisa akasema, "Ufa uliuona wewe kwa macho yako, ukanipa nishuke nao! Shemeji, mimi ndiye niliyezama. Kati yetu, nani amefiwa kama mimi?"

Sekela aliwasikiliza mpaka wakaishiwa maneno.

"Mmemaliza?" akauliza. "Pole zenu sizitaki. Wanangu kesho wanakwenda shule, wataitwa watoto wa mlevi. Mzee yumo humo ndani, tangu asubuhi anangoja kuambiwa jina la mwanawe limesafishwa. Mimi siingii kumwambia. Aingie mmoja wenu, akae mbele yake, aseme: ni mimi niliyemwacha mwanao na jina hili."

Mwalimu akamtazama fundi. Fundi akamtazama mzamiaji. Gwakisa aliutazama mlango wa baba yake, akashindwa kunyanyua mguu. Kutoka ndani mzee akaita, "Sekela, ni nani hao? Wameleta picha?"



Ninyi mnaonisikiliza, mmewasikia wote watatu. Mmoja alinyima oringi, mmoja alificha ufa, mmoja hakujaribu kasha. Je, nani alistahili kuingia?