Mahindi ya Juu ya Meko

Mtu mmoja alikuwa na mke, mtoto aitwaye Atupele, na shamba dogo mlimani. Mtu huyo, Ambakisye, alikuwa mwalimu, na masomo yalimfundisha kushuku kila kitu chenye ganda. Hakuna kinachofaa, alisema, mpaka kisafishwe. Alianza na kicheko cha mkewe, Tusekile, kilichosikika hadi barabarani, kikapunguzwa. Ikafuata lafudhi ya kwao, ikaondolewa. Kila kilipotoka kitu, alitazama kilichobaki na kushuku kwamba uchafu bado umo.

Jikoni, juu ya meko, Tusekile alining'iniza mahindi ya mbegu. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Mama alikwisha kufa, na shamba lake lilijengwa nyumba. Mbegu haikuwapo kwingine. Moshi uliyapaka mahindi masizi, na wadudu hawakuyagusa. Ambakisye aliyatazama kwa jicho baya. Kwa nini yawekwe juu? Kwa nini yasiliwe? Labda yanawangoja shemeji zake.

Tusekile akaenda kumhudumia dada yake aliyejifungua. Juma hilohilo wageni kutoka chuoni wakatuma habari kwamba wanakuja. Ambakisye akayashusha mahindi, akayapukuchua, akayapeleka mashineni.

Mwenye mashine akasugua punje moja kwa kidole gumba. "Mwalimu, haya si ya kupanda? Au siku hizi mnapanda unga?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Ambakisye hakucheka. Alishuku kwamba yule bwana anaitaka mbegu hiyo kwa shamba lake.

"Koboa," akasema. "Mara mbili."

Ganda likatoka, na kiini kikatoka pamoja nalo. Pumba aliiacha palepale, ikawa chakula cha nguruwe wa mwenye mashine. Unga ulikuwa mweupe kabisa. Wageni waliusifu ugali; walisema hawakutegemea usafi wa namna ile kijijini.

Tusekile alirudi siku moja baada ya mvua ya kwanza. Aliingia jikoni kuchukua mbegu, akatazama juu, akaendelea kutazama. Mumewe akamweleza kwa maneno yaliyopangwa vizuri kwamba mahindi yale yalikuwa machafu. Alisubiri kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele.

"Baba Atupele," akauliza mkewe kwa sauti ya chini, ileile aliyofundishwa, "wageni walishiba?"

Akajibu kwamba walishiba. Tusekile akachukua kikapu, akaenda kuomba kwa majirani. Walimpa mbegu, na shamba likapandwa. Ya mama yake hakuna aliyekuwa nayo.

Nanyi mnaojisifu kwamba mmesafishwa: mnajua ni nini kilichotolewa ndani yenu, na nani alikila?